Uzoefu wangu na seti ya tyubulesi kwa baiskeli ya mlimani: dawa nzuri, vali nzuri, tepu hapana

Niseme mapema kwamba tangu nihamie tyubulesi, yaani tairi linaloshika upepo lenyewe bila tyubu ndani, kwenye tyubu sirudi. Ila seti niliyonunua ya kubadilishia magurudumu siwezi kuisifu yote. Boksi lilikuwa na vitu vinne: chupa ya dawa ya kuziba, vali mbili za aina ya Presta (zile nyembamba za baiskeli), mzingo wa tepu ya rimu, na bomba la sindano la kuingizia dawa. Vitatu nimevipenda. Cha nne, yaani tepu, kilinilaza na gurudumu lililojaa na kuniamsha na gurudumu lililolegea.

Baiskeli yangu ina magurudumu ya inchi 29, rimu zenye upana wa ndani wa milimita 30, na matairi ya inchi 2.4 ambayo ubavuni yameandikwa kuwa yanakubali kutumika bila tyubu. Hayo maandishi yatafute kabla hujatoa hela. Tairi la kawaida laweza kushika upepo likiwa jipya, lakini ukingo wake haukutengenezwa kubana rimu peke yake, na ubavu wake mwembamba huvujisha dawa kupitia nyuzi.

Sababu ya kuhama haikuwa miiba. Pancha zilizonichosha zilikuwa za mawe: unashuka kwa kasi, gurudumu la nyuma linagonga kona ya jiwe, tairi linabonyea hadi kwenye rimu, tyubu inabanwa katikati na kutoboka matundu mawili pacha, mithili ya alama ya meno ya nyoka. Ukitaka kuliepuka hilo kwa tyubu unajaza upepo mwingi, na tairi lenye upepo mwingi linarukaruka juu ya mizizi badala ya kuishika. Tyubu isipokuwapo, hakuna cha kubanwa. Siku hizi natembelea presha ya psi (kipimo cha upepo) 22 mbele na 25 nyuma, wakati zamani sikuthubutu kushuka chini ya 30. Mtu mzito kuniliko aongeze kidogo, maana rimu yenyewe bado inaweza kupinda jiwe likiifikia.

Sasa tepu. Rimu kwa ndani ina matundu ya spoki, na kila tundu ni mlango wa upepo. Tepu ndiyo inayoyafunga yote. Iliyokuja kwenye seti ilikuwa na upana wa milimita 25. Kwa macho inaridhisha, matundu yote yamefunikwa, lakini kwenye rimu ya milimita 30 kingo zake zinaishia njiani, pale ambapo ukingo wa tairi hupita ukitoka bondeni katikati ya rimu kupanda mahali pake pembeni. Tairi likipanda linaisukuma tepu na kuinyanyua. Tepu inatakiwa ifike ukuta hadi ukuta, upana wa ndani wa rimu na milimita mbili tatu za ziada, ili tairi likishakaa liikandamize kila upande. Boksi liliandika tu kwamba ni ya baiskeli za mlimani, bila neno lolote kuhusu upana wa rimu. Hilo kwangu ni kosa la mtengenezaji, kwa sababu rimu za mlimani hazina upana mmoja.

Gurudumu la nyuma lilinikubalia, sijui niliite bahati. La mbele likawa linapungua taratibu. Hapa wengi huongeza dawa, na mimi sishauri. Dawa hizi nyingi ni utomvu wa mpira uliochanganywa na chembechembe. Upepo unapotoka kwenye tundu dogo unaisukuma dawa pale, chembe zinanasa, utomvu unaganda. Tepu iliyonyanyuka haina tundu la kuziba. Ina upenyo mpana uliolala, dawa inateleza ndani ya rimu, na upepo unaifuata. Unaongeza uzito wa gurudumu tu.

Cha kufanya ni kutafuta upepo unatokea wapi. Maji na sabuni ya vyombo, brashi ndogo, na mahali penye mwanga. Pakaa pale tairi linapokutana na rimu, kisha kwenye vali, kisha kwenye vichwa vya spoki kimoja baada ya kingine. Ukiwa na beseni kubwa, zamisha gurudumu kipande kwa kipande. Mapovu yakitokea kwenye ukingo wa tairi, ni tairi halijakaa sawa au kuna uchafu, na hapo dawa inasaidia kweli. Likitoka povu kwenye spoki, shida ni tepu au kitako cha vali (mpira wa chini unaokaa ndani ya rimu), hata kama tairi ni jipya na dawa ni ya bei kali.

Na kuna mtego mmoja. Spoki inayotoa povu si lazima iwe karibu na mahali tepu ilipoachia. Ndani ya rimu ni uwazi mmoja unaozunguka gurudumu zima, kwa hiyo upepo ukishapenya unaweza kusafiri na kutokea upande wa pili kabisa, pengine hata kwenye kiungo cha rimu kilicho mkabala na vali. Kumwaga gundi kwenye ile spoki ni kazi bure. Utaziba tundu moja, upepo utahamia la jirani.

Vali za seti hii nazisifu. Zilikuja na vitako viwili vya mpira vya kubadilisha, cha mviringo na cha mstatili, ili uchague kinacholala vizuri kwenye umbo la rimu yako. Cha mviringo kilinifaa. Povu likionekana kwenye shina la vali, kaza nati kwa vidole. Koleo liache kabatini: nati iliyokazwa kupita kiasi inaumiza kitako, tena siku ukipata mpasuko mkubwa porini hutaweza kuifungua uweke tyubu. Povu likiwa juu kwenye ncha, basi kiini cha vali kimelegea au kimeshikwa na dawa iliyoganda. Kinafunguka kwa kifunguo kidogo cha plastiki, unakisafisha, unakirudisha.

Nikanunua tepu nyingine ya milimita 33 peke yake. Nilibandua ya zamani, nikasugua rimu kwa spiriti hadi kitambaa kikabaki cheupe, maana mabaki ya gundi na dawa hayaruhusu tepu mpya kushika. Tepu hii huvutwa kwa nguvu wakati wa kuibandika, ilale bondeni bila mikunjo, na mwisho wake upite mwanzo kwa kama sentimita kumi. Tundu la vali nililitoboa kwa msumari mwembamba uliopashwa moto. Kisu hukata msalaba, na msalaba ukishasukumwa na vali huendelea kuchanika. Kisha kabla ya kuweka dawa nikavalisha tairi likiwa na tyubu ndani, nikajaza, nikaliacha usiku kucha. Tyubu inaikandamiza tepu kila mahali kuliko kidole gumba kinavyoweza, na tairi lenyewe linanyooka. Asubuhi unafungua upande mmoja tu, unaitoa tyubu, na upande wa pili unabaki umekaa.

Kulikalisha tairi hakukunipa taabu kubwa. Toa kiini cha vali ili upepo upite kwa wingi, lowesha kingo kwa maji ya sabuni, pampu kwa haraka bila kupumzika. Utasikia mlio mkali, tena mwingine, usishtuke. Usivuke presha ya juu iliyoandikwa kwenye tairi au rimu, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Angalia mstari mwembamba unaozunguka ubavu wa tairi. Ukiwa umbali sawa na rimu pande zote, limekaa. Pampu ya kawaida ikishindwa, kompresa mara nyingi haishindwi. Vile vichupa vya gesi ya kaboni dioksaidi niliviepuka, kwa sababu gesi hiyo inaweza kuigandisha mapema dawa yenye utomvu asilia.

Dawa niliingiza kupitia vali, mililita 110 kila gurudumu, nikazungusha, nikatikisa, kisha nikalilaza gurudumu juu ya ndoo, upande huu kwanza halafu ule. Ubavu wa tairi ulitoa jasho la matone madogo meupe kisha ukatulia. Tangu hapo la mbele linapoteza upepo kidogo kwa wiki, kiasi cha pampu chache kabla ya kutoka, jambo ambalo hata tyubu hufanya. Dawa yenyewe hukauka ndani ya miezi michache, mapema zaidi penye joto. Ukilitikisa gurudumu karibu na sikio usisikie maji, ongeza.

Nyota zangu: dawa tano, vali tano, bomba la sindano nne kwa kuwa mpini wake unakwama, tepu moja. Wenye rimu nyembamba wataipenda yote.

Dawa ina mpaka wake. Mpasuko wa milimita sita hivi kwenda juu unahitaji kamba ya mpira ya kuchomeka, na mpasuko wa ubavuni mara nyingi haukubali hata hiyo. Kwa hiyo mfukoni nabeba hizo kamba, na tyubu moja pia. Ukifika hatua ya kuivalisha tyubu hiyo, papasa kwanza ndani ya tairi taratibu kote: miiba ambayo dawa ilikuwa imeiziba bila wewe kujua bado imo humo, na ncha zake zinatazama ndani.