Satelaiti ya nyuzi 36: maoni ya mwenye kibanda cha mpira, Busia

Kibanda changu cha mpira kiko Busia, upande wa Uganda, karibu na barabara ya malori. Mabenchi kumi na mawili, televisheni mbili, kiingilio shilingi 1,000, mechi kubwa 2,000. Wateja huuliza televisheni ni ya inchi ngapi. Hakuna aliyewahi kuuliza kuhusu mashine inayonilisha, satelaiti inayoniletea picha za mpira, ile iliyo angani kwenye longitudo ya nyuzi 36 mashariki. Jina lake Eutelsat 36D. Leo naisemea.

Kwanza dishi. Fundi alipokuja kuliseti nilidhani amekosea, maana aliligeuza likatazama juu kabisa.

"Mama, hapa kwetu iko utosini," akaniambia.

Ni kweli. Satelaiti za aina hii hukaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, zikizunguka sawasawa na dunia inavyojizungusha, kwa hiyo ukiwa chini unaiona kama imegota palepale. Busia nayo iko jirani na ikweta, kwenye nyuzi 34. Kisatelaiti kile cha Uganda, PearlAfricaSat-1 cha mwaka 2022, kilipita chini sana na kuimaliza dunia kwa kama dakika 90. Kukifuata kwa dishi ungehitaji kijana wa kuligeuza usiku na mchana.

Raha ya kutazama juu ni kwamba mwembe wa jirani haunizibii. Taabu yake ni maji. Dishi langu la kwanza, la chuma, la mitumba, lilikaa kama karai: mvua inalijaza, majani yanaozea humo, ndege wanaoga. Fundi alitoboa tundu katikati kwa shilingi 5,000 nikamwona mwizi, lakini maji yaliisha. Lilipoliwa na kutu nikanunua dogo la sentimita 60. Hapo nilijikomesha mwenyewe.

Maana mvua, jamani, hiyo siifichi. Mawimbi haya ni ya bendi ya Ku, yaani masafa ya juu ya televisheni za satelaiti, na matone mazito huyanyonya njiani. Wingu jeusi likitokea upande wa ziwa saa kumi jioni, najua nina dakika tano. Picha inakatakata, mchezaji anaganda mguu juu, skrini inakuwa nyeusi, na wanaume arobaini wananigeukia kana kwamba nimeileta mimi. Mara mbili nilirudisha kiingilio. Mara ya tatu nikaandika ubaoni: MVUA SI YANGU. Sasa nina dishi la sentimita 90 na kukatika kumepungua, ingawa dhoruba kali bado inanishinda.

Jua pia lina siku zake. Karibu na tarehe 21 Machi, na tena Septemba, linapita nyuma kabisa ya satelaiti na kuyafunika mawimbi, hapa kwetu kama saa sita na nusu mchana, dakika chache tu. Mara ya kwanza nilimwita fundi. Alipofika picha ilikuwa imerudi, na pesa ya boda akadai.

Kwa mbio sina neno. Kupanda na kushuka ni zaidi ya kilomita 71,000, na mawimbi huzimaliza kwa robo sekunde hivi. Jirani anayeonyesha mpira kwa intaneti ya simu huchelewa kama nusu dakika. Sisi tukipiga kelele za goli, wateja wake wanajua kabla mpira haujapigwa. Haukupita mwezi wakahamia kwangu. Redio ndiyo inanishinda, na yule mzee wa benchi la nyuma mwenye redio sikioni nimemwomba asishangilie mapema.

Lakini lililoniacha mdomo wazi ni hili. Satelaiti ya zamani, 36B, ilirushwa Novemba 2009 na ikazeeka. Mpya ikarushwa Florida tarehe 30 Machi 2024 kwa roketi ya Falcon 9, ikapanda taratibu kwa injini za umeme hadi nyuzi zilezile, ikapokea kazi. Mimi sikupandisha mtu paani. Sikulipa hata shilingi. Transfoma ya mtaa wetu ilipobadilishwa tulikaa gizani siku tatu.

Tisa kwa kumi. Moja nimeikata kwa ajili ya mvua. Bei ya kifurushi cha mwezi msiniulize, hiyo haipangwi huko juu. Jumamosi tunaanza saa tisa na nusu, na mje mapema, maana paa linavuja juu ya mabenchi ya nyuma.