Kicheza Muziki Kidogo Nilichokinunua Makoroboi

Kwa miezi minne sasa ninatumia kicheza muziki kidogo cha mkononi, kile ambacho wauzaji wa Makoroboi hapa Mwanza wanakiita MP4 ingawa sijamwona mtu akikitazamia video, na nimeona nikiandikie tathmini kwa sababu katika wiki mbili za mwanzo nilikirudisha dukani mara mbili nikidai ni kibovu, na mara zote mbili kifaa hakikuwa na kosa. Nilikilipia shilingi 45,000. Hakina jina la kiwanda linalojulikana, na jambo hilo lisimshangaze mnunuzi, kwani vifaa vya aina hii vyenye majina makubwa vimepungua sana sokoni: Apple, iliyotoa iPod ya kwanza mwaka 2001, ilitangaza Mei 2022 kwamba inaacha kuitengeneza.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Wanakwaya wangu wametawanyika Kirumba, Igoma na Buswelu, na wawili wako Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa hiyo kila wimbo mpya huurekodi sauti moja moja, ya kwanza hadi ya nne, ili kila mmoja ajifunze sehemu yake kabla hatujakutana. Simu ingeweza kuifanya kazi hiyo, lakini simu hupigiwa, na hakuna kinachomvuruga mwanafunzi wa besi kama kuitwa na shemeji yake katikati ya ubeti. Nilitaka kifaa kinachocheza tu, chenye vitufe vya kubonyeza bila kutazama, na chenye uwezo wa kurudia kipande kimoja cha wimbo mara nyingi. Hilo la mwisho kinalifanya vizuri kuliko simu yoyote niliyowahi kuwa nayo: unabonyeza mwanzo wa kipande, unabonyeza mwisho wake, nacho kinazunguka hapo hapo mpaka utakapokichoka.

Mara ya kwanza nilikirudisha kwa sababu hakikuchaji. Nilikiunganisha na chaja ya simu yangu, ambayo waya wake una ncha ya taipu-C pande zote mbili, nikakiacha usiku kucha, na asubuhi kikawa kimezima kama jiwe. Kabla ya kurudi dukani nilipita kwa fundi mmoja wa simu, ambaye alikigeuza mara moja tu mkononi na kuniambia, "Mwalimu, hapa betri imekufa," akataja na bei ya kuibadilisha. Muuzaji, kijana mpole, aliniamkia, akachukua waya wa kawaida wenye ile ncha pana ya zamani, akauchomeka, na alama ya betri ikaanza kupanda mbele ya macho yangu.

Sababu yake inafaa kujulikana, maana itawakuta wengi kadiri chaja mpya zinavyoenea. Chaja ya taipu-C haitoi umeme mpaka ihisi rezista ndogo (vipande vya kuzuia mkondo wa umeme) za kilo-omu 5.1 ndani ya kifaa kinachoomba umeme huo. Watengenezaji wa vifaa vya bei nafuu huziacha rezista hizo ili kupunguza gharama, na hapo chaja hunyamaza kana kwamba hakuna kilichochomekwa. Chaja ya zamani yenye tundu pana haiulizi chochote. Hutoa volti 5 wakati wote. Kwa hiyo kifaa chenye tundu la taipu-C kinaweza kukataa waya wa taipu-C, na mtu akalipia betri ambayo haikuwa na ugonjwa.

Waya uliokuja ndani ya boksi nao una hila yake. Unachaji, lakini ukiuunganisha na kompyuta, kompyuta haioni kitu, kwa kuwa ndani yake mna nyuzi mbili za umeme peke yake, ilhali kupitisha faili kunahitaji nyuzi mbili zaidi za data. Ninaihesabu hii kuwa dosari halisi ya bidhaa, kwani mnunuzi ana haki ya kutegemea kwamba waya aliouziwa pamoja na kifaa utafanya kazi zote za kifaa hicho. Nilinunua mwingine.

Safari ya pili dukani ilihusu kadi. Boksi limeandikwa kwamba kifaa kinapokea kadi ya memori hadi GB 128, nami nikanunua ya ukubwa huo, nikaitia, na kioo kikaandika kwamba hakuna kadi. Kadi za kuanzia juu ya GB 32 hutoka kiwandani zikiwa zimefomatiwa, yaani zimeandaliwa kupokea faili, kwa mfumo wa exFAT, na kicheza muziki hiki kinausoma mfumo wa FAT32 pekee. Kadi ipo, umeme unaifikia, ila kifaa hakielewi lugha iliyoandikiwa. Dawa yake ni kuifomati upya kwa FAT32, na hapo mtu hukutana na kikwazo kingine, kwa kuwa kidirisha cha kufomati cha Windows kwa miaka mingi kimekataa kutumia FAT32 kwenye kadi iliyozidi GB 32. Mimi nilitumia programu ya bure iitwayo Rufus, na kazi ikaisha ndani ya dakika moja. Anayefuata njia hii akumbuke kwamba kufomati hufuta kila kitu kilichomo.

Lakini baada ya kuhangaika kote huko nilikaa nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla ya kununua. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula takribani megabaiti moja kwa dakika, hivyo kadi ya GB 32, ambayo hutoka dukani ikiwa tayari na FAT32, inabeba zaidi ya saa 500 za nyimbo. Kwaya yetu haitaimba saa 500 mpaka mimi nistaafu. Nunua ya GB 32. Isitoshe, kadi kubwa za bei ya kutupa mara nyingi ni za uongo: zinajitangaza kuwa na nafasi zisizokuwa nayo, na nyimbo za mwisho kunakiliwa huonekana kwa jina lakini hazichezi. Programu ya H2testw huijaza kadi data na kuisoma tena, kisha hukuambia ukweli wake, ingawa kwa kadi kubwa inahitaji uvumilivu wa saa nyingi.

Tatizo lililonichukua muda mrefu zaidi halikuwa la dukani kabisa. Rekodi zangu nyingi nilikuwa nimezituma kwanza kwenye kundi la kwaya la WhatsApp kama ujumbe wa sauti, na niliponakili faili hizo kutoka kwenye simu, kifaa kiliruka kila moja bila kueleza kitu. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp huhifadhiwa kwa kodeki (njia ya kubana sauti iwe faili) ya Opus, nzuri sana kwa kazi hiyo, lakini kicheza muziki changu hakiifahamu. Kinachokifahamu ni MP3, WMA, WAV na FLAC. Rekodi zilizotoka kwenye kinasa sauti cha simu, ambazo huishia na m4a, nazo zilikataliwa. Mwanakwaya mmoja mwenye bidii alibadilisha majina ya faili zote yakaishia na mp3, akaniletea kwa furaha, na hazikucheza hata moja, kwani kubadilisha jina la mtungi hakubadilishi kilichomo ndani yake. Inabidi faili igeuzwe kwa programu. Audacity na VLC zote ni za bure na zinaifanya kazi hii, na kwa sauti ya mtu mmoja anayeimba, mono, yaani sauti ileile moja kwa masikio yote mawili, ya kilobiti 64 inatosha kabisa.

Nilipomaliza hilo likazuka la mpangilio. Nilizipa faili namba, 01 hadi 12, lakini kifaa kilianza na 07. Ukiingia kupitia orodha ya folda, hakitazami majina hata kidogo. Kinafuata mpangilio ambao faili ziliandikwa kwenye kadi, iliyotangulia kunakiliwa ndiyo inayotangulia kucheza. Nilifuta folda nzima nikanakili wimbo mmoja mmoja kwa zamu yake, na tangu hapo mambo yamenyooka. Wenye nyimbo mamia watafute programu ya kupanga upya orodha ya faili kwenye kadi ya FAT32, vinginevyo watakesha.

Kisha ikaja siku ya sauti ya tatu. Mama mmoja wa kundi hilo alinirudishia kifaa akisema nimemrekodia kinanda bila mwimbaji, na niliposikiliza kwa spika zake za masikioni ilikuwa kweli: kinanda kinasikika kama kimo ndani ya pipa, na mwimbaji hayupo. Kwa muda mfupi nilimlaumu kijana aliyenisaidia kurekodi, na nilimwomba radhi baadaye. Spika hizo zilikuwa za simu, zenye maikrofoni, na ncha yake ina pete moja zaidi ya ile ambayo tundu la kifaa hiki limetengenezewa. Waya wa pamoja, ule unaotumiwa na masikio yote mawili, usipogusa vizuri, masikio hupata tofauti tu kati ya upande wa kushoto na wa kulia, na kwa kuwa mwimbaji hurekodiwa katikati, sawa kwa pande zote, tofauti yake ni sifuri. Ukivuta ncha nje kidogo, kiasi cha nusu milimita, mwimbaji anarudi. Spika za kawaida zisizo na maikrofoni hazina shida hiyo, na ndizo nilizowanunulia wote.

Kuhusu Bluetooth, mnunuzi asidanganyike: ipo, na inacheza vizuri kwenye spika ya chumbani, lakini ni ya kutoa sauti peke yake, hivyo huwezi kurusha wimbo kutoka kwenye simu ukaingia humo. Asiye na kompyuta atumie kile kiunganishi kidogo cha OTG kinachochomekwa kwenye simu, simu itakiona kifaa kama flashi, ila ajue kwamba kifaa kitaanza pia kunyonya chaji ya simu. Redio ya FM inanasa stesheni za mjini bila shida mradi waya wa spika umechomekwa, kwa kuwa waya huo ndio antena. Video inataka faili za AMV zilizogeuzwa kwa ajili ya kioo kidogo kama stempu, nami sikuendelea nayo.

Betri imenishangaza. Nilikisikiliza melini kwenda Nansio, nikakisikiliza kurudi, na kati ya vipande vinne vya alama ya betri kilipungua kimoja. Kimewahi kuganda mara tatu, na kila mara nimekiamsha kwa kubonyeza sindano kwenye kitundu cha nyuma, bila kupoteza wimbo hata mmoja.

Duka lenyewe ninalipa alama nzuri kuliko kifaa, kwa kuwa kijana yule hakunifokea mara zote mbili nilizokosea, na dhamana yake ya siku saba aliiheshimu hata nilipofika siku ya kumi na moja. Wiki iliyopita nilirudi kununua cha pili kwa ajili ya sauti ya nne. Nilikwenda na waya wangu, kadi yangu ya GB 32, spika zangu na faili tano za majaribio, nikavipanga vyote juu ya kaunta yake kabla sijatoa pesa, naye akavuta kigoda akanikaribisha niketi.