Rekoda ya Yamaha YRS-24B: filimbi ya bei nafuu kwa muziki wa kale

Kwa mwaka mzima sasa, vijana sita wa kwaya yetu hapa Mbeya wamekuwa wakijifunza muziki wa Ulaya wa karne ya 17 kwa rekoda ya Yamaha YRS-24B, filimbi ya soprano ya plastiki ambayo kila moja ilitugharimu shilingi 35,000 pamoja na nauli ya mzigo kwa basi kutoka Dar es Salaam. Kabla yake tulinunua filimbi zisizo na jina la kiwanda katika duka moja la hapa mjini, shilingi 8,000 kila moja, na hasara tuliyoipata ndiyo iliyonifanya niandike.

Filimbi zile zilikuwa za vidole vya Kijerumani, mpangilio wa kuziba matundu uliobuniwa na Peter Harlan mwanzoni mwa karne ya 20 ili noti ya F iwe rahisi kwa wanaoanza. Lakini kinachorahisishwa kwenye F huharibika kwenye F shapu, noti iliyo nusu hatua juu yake. Wimbo ukiwa na do katika G, ti yake ndiyo hiyo F shapu, na kila tulipoifikia ilikosa sauti sahihi, hata tukajaribu vidole vya kila namna, mpaka waimbaji wenye masikio mazuri wakaomba tuache. Muuzaji hakuijua tofauti, nami sikujua kuuliza. Tofauti yenyewe huonekana kwa macho: hesabu matundu ya mbele kuanzia juu, na ukiona la tano ni dogo kuliko la nne, hiyo ni ya Kijerumani, iache palepale; la nne likiwa ndilo dogo, hiyo ni ya Baroque, yaani ya mpangilio ule mwingine ambao F shapu yake hutoka sawa, chukua. Kwa Yamaha, YRS-24B ni ya Baroque na YRS-23 ni ya Kijerumani, kwa hiyo taja namba yote unapoagiza.

YRS-24B ina vipande vitatu, na kipande cha chini huzungushwa kidogo ili tundu la mwisho lifuate kidole kidogo cha mpigaji, jambo lililowasaidia sana wadogo wetu kuipata C ya chini. Ti imetulia. Noti za juu kabisa ni kali, na zinahitaji pumzi iliyopimwa.

Tatizo kubwa ni baridi. Asubuhi za Julai mvuke wa pumzi hugeuka maji ndani ya njia ya hewa na sauti hukwama katikati ya wimbo. Tunakipasha moto kipande cha juu kwapani kwa dakika chache kabla ya kupiga, na mara mojamoja tunadondoshea tone la sabuni ya vyombo iliyochanganywa na maji kwenye njia hiyo, kisha tunaliacha likauke bila kufuta.

Anayelenga sonata za karne ya 18 ajue kwamba nyingi ziliandikwa kwa alto, rekoda kubwa kuliko soprano ambayo noti yake ya chini ni F, na soprano haiwezi kushika nafasi yake. Sisi tumeanza kuchanga fedha za alto mbili, nazo za plastiki.