Doctor Doom na Ubao wa Silver Surfer: Ununue Toleo Lipi?

Ukiniuliza ni kisa kipi cha katuni za zamani za Marekani kinachoonyesha vizuri zaidi steringi akimzidi akili adui mwenye uchu wa madaraka, nitakutajia Fantastic Four, jarida la Marvel kuhusu kundi la mashujaa wanne, namba 57 hadi 60. Majalada yake yana tarehe za Desemba 1966 hadi Machi 1967, bei senti 12, Stan Lee akiandika na Jack Kirby akichora. Doctor Doom, mtawala wa nchi ya kubuni ya Latveria, anamkaribisha Silver Surfer, kiumbe wa anga za juu mwenye nguvu za ajabu, kwenye ngome yake, anamlainisha kwa maneno matamu, kisha anamnyonya nguvu zote na kumpokonya ubao anaorukia. Kuanzia hapo hakamatiki. Hata The Thing wa Fantastic Four, jabali lile, anachapwa mpaka anakata tamaa.

Reed Richards, kiongozi wa kundi, hajaribu kushindana naye kwa mabavu. Anakumbuka kwamba Galactus, bwana wa zamani wa Surfer, alimfungia Surfer duniani kwa kizuizi kisichoonekana. Anarusha chombo, Doom anakiona ni tishio, anakifukuza juu, juu zaidi, mpaka anajibamiza kwenye kizuizi kile na nguvu za wizi zinamtoka. Nimeusoma mwisho ule mara nyingi na bado unanisisimua.

Sasa tuje kwenye pesa. Haya ndiyo mapendekezo yangu, kuanzia ninaloliamini zaidi.

1. Epic Collection, juzuu ya nne. Kitabu cha jalada laini chenye namba 52 hadi 67, kwa hiyo unapata kisa kizima pamoja na ujio wa kwanza wa Black Panther. Kinashikika, hata kitandani unakisoma bila kuumia mkono. Kasoro yake ni kwamba matangazo ya zamani hayamo. Kwa mtu anayeanza, sioni sababu ya kununua kingine kabla ya hiki.

2. Nakala asili nne, za daraja la kati. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Wakusanyaji hulipa pesa nyingi kwa namba ambamo mhusika anatokea mara ya kwanza: namba 5 ya 1962 kwa ajili ya Doom, 48 kwa ajili ya Surfer na Galactus, 52 kwa ajili ya Black Panther. Namba 57 hadi 60 hazina sifa hiyo, ndiyo maana bei yake ni nafuu kuliko hizo, ingawa kisa chake ni kitamu kuliko vingi vinavyogombaniwa.

Tafuta daraja la 4.0 hivi katika kipimo kinachoishia 10: mgongo una mikunjo, lakini jalada limeshika na kurasa zote zipo. Omba picha za mgongo, za pini na za kurasa mbili za katikati. Pini zenye kutu hula karatasi taratibu mpaka jalada linachomoka. Selotepu iliyopigwa zamani inaacha doa la kahawia lisilotoka. Muulize muuzaji waziwazi kama kuna kuponi iliyokatwa. Mimi niliwahi kununua nakala yenye jalada safi kabisa, nilipofungua nikakuta dirisha limekatwa kwenye tangazo, na nyuma ya tangazo lile kulikuwa na ukurasa wa hadithi. Kichwa cha mhusika hakipo. Tangu siku hiyo sitoi hela kabla ya kuhakikishiwa kwamba kurasa zimehesabiwa.

Bei ya kulinganisha ni ile ya nakala zilizokwisha kuuzwa, wala si ile anayoitaja muuzaji. Kama unaagiza kutoka Marekani kuja Dar es Salaam au Mombasa, agiza zote nne kwa mkupuo, maana usafirishaji na ushuru vinaweza kuzidi bei ya kitabu chenyewe.

3. Omnibus, juzuu ya pili. Namba 31 hadi 60 katika jalada gumu. Ni zuri sana, na ni zito sana. Linunue kama una meza ya kusomea.

4. Marvel Unlimited. Ni maktaba ya katuni za Marvel mtandaoni: unalipia kwa mwezi na kusoma kwenye simu au tableti. Inafaa kuonja kisa kabla ya kununua. Ukiacha kulipa, huna kitu.

5. Nakala iliyofungwa na CGC. CGC ni kampuni inayokagua katuni: wanaipa nakala daraja na kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki. Kwa anayehifadhi thamani ni sawa. Kwa msomaji naiweka mwisho, kwa sababu huwezi kuufungua ukurasa ambao Doom anaupanda ubao kwa mara ya kwanza.

Ukichukua nakala asili, karatasi yake ni ya gazeti, ina asidi, na joto la pwani huiharakisha kuwa njano na kukatika. Weka kila moja kwenye bahasha ya Mylar, plastiki angavu isiyodhuru karatasi, pamoja na kadibodi isiyo na asidi, zisimame wima kwenye boksi, mbali na ukuta wenye unyevu na dirisha lenye jua. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, usivitupe: tia viwili ndani ya boksi na uvibadilishe kila masika.