Gongo la baba mdogo na fundi fremu wa mjini Mwanza: uzoefu wangu

Kwanza, ukiwa Mwanza usimwambie bodaboda "shika taratibu, nina gongo kwenye mfuko." Kutoka Kirumba hadi mjini yule kijana alinichungulia kwenye kioo njia nzima.

Ni gongo la hoki, la mbao, la baba mdogo, lenye saini nane za wachezaji wa Tanzania waliokwenda Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Watu wakiikumbuka Moscow humtaja Filbert Bayi na Suleiman Nyambui na medali zao za fedha. Timu ya magongo haitajwi, na sababu ipo: ilifungwa 18-0 na India, ikamaliza ya sita kati ya timu sita. Lakini ilifika.

Nilipoona unga wa mbao sakafuni nikajua bungua wameingia. Nikalipeleka kwa fundi fremu ambaye pia hukarabati picha za zamani. Jina naliacha, utaona kwa nini.

Kwenye kukagua, mzee yule nampa nyota tano. Alibana jichoni lenzi ya fundi saa, akaligeuzageuza gongo karibu na dirisha. Saini za bolipeni alizipapasa kwa ukucha: kalamu imechimba kamfereji kwenye mbao. Ya nane ikamkwaza. Wino wake ulikuwa juu ya vanishi iliyokwishapasuka, maana yake iliandikwa miaka mingi baada ya zile nyingine.

"Mwanangu, huyu alichelewa basi."

Nikampigia baba mdogo Dar. Kimya. Kisha: "Huyo sikumpata. Nilimsainia mwenyewe nilipostaafu, ili zitimie."

Bei ya gongo mzee alikataa kuitaja. Alisema yeye anajua wino, soko halijui. Nilimheshimu kwa hilo.

Sasa shida. Nilisema wazi: hakuna vanishi, hakuna thina. Mzee alinisikia, ila kijana wake hakuwepo. Kesho yake nikamkuta kijana na kitambaa chenye thina, "naondoa uchafu, dada." Saini moja imebaki herufi mbili na mkia, kwingine wingu la buluu. Niliketi kwenye stuli bila kukaribishwa. Kwa nini isiwe ile ya baba mdogo!

Mzee aliomba radhi, akashusha bei kutoka 120,000 hadi 70,000, na kazi iliyobaki akaifanya mwenyewe. Gongo lilifungwa kwenye plastiki bila tundu, likalala wiki mbili kwenye friza ya sangara ya shemeji yangu. Baridi kali ndiyo inayoua bungua bila dawa. Lilipotoka hatukufungua plastiki hadi baridi ilipoliisha kabisa, mbao isije ikalowa. Halafu sanduku la kioo: hakuna gundi wala msumari, limening'inizwa kwa mshipi wa kuvulia, ule mweupe usioonekana. Kona za chini kuna vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu, kwa ajili ya unyevu wa ziwa.

Nimelitundika koridoni, jua halifiki. Kwa jumla nyota tatu, na ukienda usiache kitu chako usiku.

Baba mdogo ameomba picha. Nimemtumia ya upande ambao kitambaa hakikufika.