Nyoka wa Kwanza wa Kufuga Malindi: Yupi Ununue na Yupi Umwache

Mvua za masika zinapoanza kupungua, mimi hupata wageni. Kijana wa mtaa wa Barani huja na chupa ya maji yenye nyoka ndani, akitaka kujua kama anaweza kumfuga. Mama wa mtaa wa Muyeye hutuma picha ya nyoka aliyejikunja nyuma ya mtungi, akiuliza kama ana sumu. Nimewahudumia nyoka kwa miaka kadhaa katika kituo chenye kibali, na maswali hayo yamenionyesha kwamba wanaotamani kufuga nyoka katika mji wetu ni wengi kuliko wanaosema hadharani. Tatizo ni kwamba maelezo wanayoyasoma yameandikwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, ambao nyumba zao ni za baridi na sheria zao si zetu. Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Malindi.

Kwanza ni sheria, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumweka mnyama wa porini bila kibali cha shirika la wanyamapori la KWS, hata kama amemwokota uani kwake mwenyewe. Nyoka wa kigeni naye ana masharti ya kumwingiza nchini, na chatu pamoja na jamaa zao wa mchanga wanadhibitiwa pia na mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini. Kwa hiyo omba kibali kabla hujalipa hata shilingi moja, ukijua kwamba si kila ombi hukubaliwa, na muuzaji asiyeweza kukuonyesha karatasi zake mwache, hata kama nyoka wake anapendeza na bei yake ni nafuu. Jina la kitaalamu la nyoka unayemtaka ulijue pia, kwani majina ya mitaani hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, na ndiyo maana nimeyataja hapa chini.

Jambo la pili ni watu wa nyumbani. Pwani yetu ina wazee wanaoamini kwamba nyoka anayeingia nyumbani huenda akawa jini, na wapo Waislamu ambao wangependa kumuuliza shehe wao kwanza juu ya kufuga kiumbe huyu. Mambo hayo si ya kupuuzwa. Nyoka aliyeletwa kwa siri katika nyumba ya watu wengi huishia kuuawa kwa mti siku ya kwanza anapoonekana, na kosa huwa la aliyemleta. Zungumza na wazazi, na mwenye nyumba kama umepanga, na jirani mnayepakana naye ukuta, kisha ndipo uendelee.

Nyoka wa porini usimfuge kabisa. Yule kijana wa Barani niliyemtaja alikuwa na nyoka mdogo mweusi, mwembamba, mwenye kichwa kisichopambanuka na shingo, na alikuwa na hakika kwamba hana madhara kwa kuwa alikuwa mpole. Alikuwa Atractaspis, nyoka wa chini ya ardhi ambaye hutoka usiku baada ya mvua. Meno yake ya sumu hutokeza pembeni mwa mdomo bila mdomo kufunguka, hivyo mtu anayemkamata nyuma ya kichwa, kama wanavyofanya wataalamu kwa nyoka wengine, hudungwa kidole papo hapo, na dawa mahsusi ya kuipinga sumu yake haipo. Wa kijani nao ni vivyo hivyo. Katika miembe, mikanju na minazi yetu wapo nyoka wa kijani wasio na sumu ya kumdhuru mtu, yupo koboko wa kijani, na yupo nyoka wa mitini mwenye macho makubwa, Dispholidus typus, ambaye anayeumwa naye anaweza kujiona mzima kwa saa nyingi kabla ya kuanza kutokwa damu. Kuwatofautisha hawa kunahitaji mazoezi. Ukiumwa na nyoka usiyemjua, tulia, usijichanje wala kujifunga kamba, na uende hospitali mara moja.

Ukiyakubali hayo, sasa tuwapange. Nimetumia vipimo vinne: kama nyoka anaweza kupatikana akiwa amezaliwa kizimbani, kama chakula chake kinapatikana hapa, kama anaistahimili hali ya hewa yetu yenye joto na unyevu, na atakuwa mkubwa kiasi gani. Rangi sikuihesabu.

Wa kwanza, bila shaka moyoni mwangu, ni nyoka wa nyumbani wa kahawia, wa jenasi ya Boaedon. Ni yule ambaye wakulima humkuta ghalani akiwinda panya usiku, mwenye mwili wa kahawia na mistari hafifu kichwani inayopita kwenye jicho. Hana sumu; huua windo lake kwa kulibana. Aliyekomaa huwa na urefu wa sentimita 60 hadi 90, jike likimzidi dume, na akitunzwa vyema huishi zaidi ya miaka 10. Ubora wake mkuu ni kwamba hula bila kusumbua, jambo ambalo mfugaji mpya halithamini mpaka apate nyoka anayekataa. Joto letu ni joto lake, kwa sababu kwao ni huku huku. Akiwa bado mdogo huwa na wasiwasi, hukimbia haraka na pengine huuma, lakini meno yake hukwaruza tu, na kwa wengi wasiwasi huo hupungua wakizoea kushikwa. Wapo wanaomwona wa kawaida mno kwa kuwa hana madoa wala rangi kali. Mshike penye mwanga wa asubuhi uone magamba yake yanavyometameta kama mafuta juu ya maji. Mimi sijawahi kumchoka. Sharti langu ni moja: awe amezaliwa kizimbani, na muuzaji awe na tarehe ya kuanguliwa kwake.

Wa pili ni chatu mdogo wa mchanga, Eryx colubrinus, ambaye naye ni mwenyeji wa nchi kavu za Kenya. Jike hufikia takriban sentimita 60 hadi 80 na dume huwa dogo zaidi, ni mnene, mpole, na maisha yake karibu yote huyapitisha amejifukia, macho na pua tu vikiwa juu akivizia. Anayetaka nyoka wa kutazama atasikitika, kwa maana atakuwa na boksi la mchanga. Zamani nilikuwa nikimweka nafasi ya kwanza. Nilibadili mawazo kwa sababu ya unyevu: mchanga wa boksini, miezi ya Mei na Juni hapa Malindi, huvuta maji kutoka hewani, na nyoka anayelalia mchanga wenye majimaji hupata vidonda vya tumboni. Anayeishi bara, penye ukavu, ana haki ya kuupindua mpangilio wangu. Usimchotee mchanga wa ufukweni, kwani una chumvi. Tumia wa mto, uuoshe na kuukausha juani.

Wa tatu ni chatu wa Afrika Magharibi, Python regius, ambaye akiogopa hujikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati. Makao yake yanaanzia Senegal hadi Uganda, na aliyekomaa huwa na urefu wa kati ya sentimita 90 na 150. Duniani kote ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa zaidi, na unyevu wetu anaupenda kuliko wenzake wote niliowataja. Nimemweka wa tatu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba anaweza kususia chakula kwa miezi bila ugonjwa wowote, na mfugaji mpya hawezi kujua kama huo ni ususiaji wa kawaida au ni maradhi. Ya pili ni umri: miaka 20 hadi 30 ni jambo la kawaida kwake, na katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, jike mmoja alitaga mayai mwaka 2020 akiwa na zaidi ya miaka 60. Kijana wa miaka 18 anayemnunua leo ajiulize nyoka huyu atabaki na nani yeye akienda Mombasa au Nairobi kusoma.

Nyoka wa mahindi wa Marekani, Pantherophis guttatus, ningemweka wa nne. Tabia yake ni njema na hula vizuri, lakini ni mgeni kabisa katika bara letu, ni hodari wa kutoroka, na sioni sababu ya kumleta kutoka mbali hivyo wakati tuna wetu.

Nyoka mla mayai, Dasypeltis, ni kiumbe ninayemstaajabia. Hana meno ya maana. Humeza yai zima, hulivunja kwa mifupa iliyotokeza ndani ya koo, hunywa ute na kiini, kisha hutapika ganda lililobonyea. Lakini hali kitu kingine ila yai la ndege, na yule mdogo huhitaji mayai madogo kuliko hata ya kware, ambayo huwezi kuyanunua popote Malindi. Wengi hufa njaa mikononi mwa watu wanaowapenda. Basi awe wa tano.

Chatu mkubwa wa Afrika sitampa nafasi. Anauzwa kwa siri akiwa na urefu wa mkono, na anaweza kukua hadi mita 4 au 5. Hakuna nyumba ya Malindi yenye pahala pake.

Kabla ya kutoa pesa, nenda Watamu, ambako si mbali, ukaitembelee Bio-Ken, kituo cha nyoka kilichoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, ukajitazame mwenyewe kama moyo wako unatulia mbele ya nyoka hai. Kisha, siku ya kununua, mkague nyoka bila haraka. Macho yawe angavu, isipokuwa anapokaribia kujivua gamba, ambapo huwa na ukungu wa kibuluu. Pua na mdomo viwe vikavu bila mapovu, uti wa mgongo usitokeze, na chini ya magamba ya kidevu pasiwe na utitiri, yaani vidudu vidogo vyeusi ambavyo utavigundua pia ukimpitisha nyoka kwenye kitambaa cheupe. Omba umwone akila. Niliwahi kumkubalia muuzaji mmoja aliyeniambia kwamba nyoka ameshiba tangu jana. Yule nyoka hakula kamwe, na baada ya wiki saba alikufa.

Makao yake hayahitaji kioo cha gharama. Boksi la plastiki lenye klipu za kufungia pande zote, lililotobolewa matundu kwa msumari wa moto, linatosha kabisa, ilimradi kwa nyoka mkubwa urefu wake usipungue urefu wa nyoka mwenyewe. Nyoka mdogo aanze na boksi dogo. Ndani weka bakuli zito la maji, maficho mawili, moja kila upande, na chini utandike gazeti au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kukauka, ambayo hapa kwetu hupatikana kwa urahisi. Maranda ya mtarakwa usitumie, kwa kuwa harufu yake humdhuru. Boksi liwe juu ya meza, na miguu ya meza isimame ndani ya makopo yenye maji, kama tunavyofanya kwa kabati la chakula. Sisimizi wakimpata nyoka anayejivua gamba, hana pa kukimbilia.

Taa za kupashia joto, ambazo vitabu vya kigeni vinazisisitiza, hapa karibu hazina kazi. Nyoka wa nyumbani anataka upande mmoja uwe na nyuzi 28 hadi 31 na upande wa pili 24 hadi 26, na Malindi huwa hivyo muda mwingi wa mwaka bila kuwasha chochote. Hatari yetu ni kinyume chake. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, chumba chenye paa la mabati hupita nyuzi 35 saa nane mchana, na joto hilo linaweza kumuua nyoka kwa muda mfupi. Mweke katika chumba chenye kuta nene za mawe au paa la makuti, mbali na dirisha lenye jua, na uwe na kipimajoto ndani ya boksi. Siku ikizidi, chupa ya maji ya barafu iliyofungwa kwa kitambaa na kuegemezwa nje ya boksi husaidia sana.

Chakula ni panya aliyefugwa, mwenye unene usiozidi unene wa mwili wa nyoka. Mdogo hula kila baada ya siku 5 hadi 7, mkubwa kila siku 10 hadi 14, ambayo ni takriban panya 30 kwa mwaka. Kama huna wa kukuuzia, fuga jozi moja au mbili za panya weupe, ambao huzaa baada ya siku 20 hivi. Panya wa mtegoni usimpe, maana huenda amekula sumu au ana minyoo. Aliyekufa na kugandishwa ni salama kuliko aliye hai, kwani panya hai akilala na nyoka asiye na njaa humng'ata hadi mfupani. Panya huyo wa kugandishwa mweke katika chombo chake chenye mfuniko, na umyeyushe kwa maji ya uvuguvugu.

Siku saba za kwanza usimshike. Mpe maji, funika boksi kwa kanga, mwache azoee harufu ya nyumba, kisha mpe chakula jioni na umwache kwa siku mbili nyingine, kwa sababu nyoka anayeshikwa akiwa ameshiba hutapika. Kila ukimshika, nawa mikono kwa sabuni kwa ajili ya bakteria wa salmonela, na watoto walio chini ya miaka 5 wasimshike. Na siku ikifika huwezi tena kumtunza, usimwachilie msituni Arabuko-Sokoke wala shambani kwa jirani, hata kama aina yake ni ya hapa hapa, kwa kuwa anaweza kupeleka maradhi ya kizimbani kwa wenzake wa porini. Wapigie simu KWS, au mrudishe kwa aliyekuuzia pamoja na karatasi zake zote.