TAHADHARI: Masitiki ya nusu bei na "fundi wa bure" hapa Bukavu

Ndugu zangu wa Bukavu, hasa ninyi mnaotaka kupaka rangi ndani kabla ya arusi za kiangazi: kuna duka la vifaa vya ujenzi upande wa Kadutu linalouza masitiki ya ukuta, ule unga wa kukoroga na maji wa kusawazisha ukuta kabla ya rangi, kwa nusu ya bei, pamoja na fundi ambaye eti hulipi hata franka. Msinunue. Jina la duka silitaji kwa kuwa shauri liko kwa chefu wa kartiye (mkuu wa mtaa), naye ameniomba nisubiri mpaka alimalize. Lakini namna wanavyofanya nitaisema yote.

Sisi tunakaa Nguba, nyumba iliyochimbiwa kilimani kama nyingi za hapa kwetu: mbele unaona ziwa, nyuma ukuta umeegemea udongo. Mdogo wangu anaoa mwezi wa saba, wakwe watapita kwetu, na kuta za saloni zilikuwa na mashimo ya misumari, nyufa, na moshi wa makala tangu enzi za mama kupikia ndani mvua ikinyesha. Mwezi wa nne nikaenda kutafuta magunia sita ya masitiki na bidoni mbili za rangi ya maji, za lita 20. Kila nilipouliza, gunia la kilo 25 lilikuwa dola 15 kupanda. Huyu wa Kadutu akanipa kwa 8.

"Ni stoki iliyobaki, mama, tunataka kuimaliza. Na fundi ni wetu, atakufanyia bure. Garanti mwaka mzima."

Mimi ninayebishania fungu la nyanya mpaka muuzaji anachoka, siku hiyo sikuuliza hata swali moja. Hiyo garanti haikuandikwa kwenye fakture, ile risiti yao. Kwenye fakture yenyewe wameandika "vifaa", basi.

Fundi alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilipotoka na chai yake, magunia matatu yalikuwa yameshafunguliwa na kumwagwa kwenye beseni. Nikamuuliza mbona haraka hivyo, akasema anaokoa wakati. Leo naelewa. Fundi wa bure kazi yake ya kwanza ni kufungua magunia kabla mwenye nyumba hajayatazama. Siku nilipoyatazama mimi, nilikuta yameshonwa kwa mkono, uzi wa bluu, na juu kidogo ya uzi huo kuna safu ya vitundu vya mshono wa kiwandani uliotolewa. Gunia ni la kweli. Kilichomo ni cha kwao.

Saloni, koridori na vyumba viwili alivimaliza siku mbili, masitiki na rangi. Hakukwangua chokaa ya zamani, hakufuta vumbi, nyufa hakuzipanua, alipita juu yake tu. Msasa alipiga mahali ambapo jicho linafika ukiwa umekaa kwenye kiti. Na ilipendeza! Majirani walikuja kuangalia. Nililipa salio la vifaa siku hiyo hiyo, dola 96, na fundi nikampa na soda.

Haikufika wiki tatu. Kwanza ilikuja harufu, kama sufuria ya bugali iliyolala bila kuoshwa. Nilimgombeza mtoto wa watu aliyekuwa anasafisha nyumba, Mungu anisamehe. Kisha madoa meusi madogo madogo kwenye kona, yanaenea kila mvua ikinyesha. Halafu jioni moja mtoto aliegemeza kiti ukutani, na rangi ikatoka kipande kikubwa kama sahani, laini, na nyuma yake unga. Nikapitisha kidole: kikazama hadi kwenye plasta ya sementi.

Nilirudi dukani na kipande hicho ndani ya mfuko. Jibu lao walikuwa nalo tayari: "Ukuta wako una maji, mama. Masitiki haina kosa." Na hapa lazima niwe mkweli, ukuta wa nyuma una maji, hilo najua tangu utoto wangu. Hata masitiki nzuri isingedumu pale. Ningeondoka na aibu yangu kama nisingekumbuka kwamba kipande kile hakikutoka ukuta wa nyuma. Kilitoka ukuta unaotenga saloni na chumba, ambao haugusi udongo popote, na umekuwa mkavu miaka yote.

Aliyenifungua macho ni shemeji yangu, muuguzi. Alinusa kipande, akacheka, akaenda kuchukua chupa ya Betadine. Ile dawa ya kahawia ya vidonda ina ayodini, na ayodini ikigusa wanga hugeuka buluu nzito karibu na nyeusi. Akadondosha tone kwenye bugali baridi: likawa jeusi. Kwenye masitiki ya jirani, iliyonunuliwa duka lingine: likabaki kahawia. Kwenye kipande chetu: jeusi kama wino. Dola zangu 48 zilikwenda kwenye unga wa muhogo, umechanganywa na vumbi jeupe kama chaki. Ukiukoroga na maji unashika ukuta vizuri, unalainika, unang'aa. Mvua inarudi, ukungu unakuta chakula kimeshapakwa mezani.

Rangi nayo ilikuwa hadithi. Bidoni ya pili haikuwa imeguswa, tukaipeleka kwa muuza maharagwe mwenye mizani. Lita moja ya rangi ya maji ya kawaida hupima kilo 1.3 hivi au zaidi, kwa hiyo lita 20 haziwezi kuwa chini ya kilo 25. Yetu ilikuwa 21 na bidoni yake. Hapo hata muuza maharagwe alielewa.

Sasa kazi iko mikononi mwa mzee mmoja mwashi, wa zamani, anayeongea kidogo. Kabla ya kugusa chochote alibandika kipande cha nailoni, nusu mita kwa nusu mita, kwenye ukuta wa nyuma, akaziba pande zote kwa mkanda. Kesho yake matone yalikuwa upande wa ukutani. "Binti yangu," akasema, "yangekuwa upande wa chumbani, ningekuambia ufungue madirisha. Haya yanatoka mlimani." Ameagiza mfereji uchimbwe nyuma ya nyumba, na ukuta huo hautapakwa kitu mpaka kiangazi kiukaushe. Siku ya arusi tutauwekea pazia.

Kuta nyingine amezikwangua zote hadi kwenye plasta. Kupima kama chokaa ya zamani imekwisha, anabandika mkanda, anausugua kwa kidole gumba, anauvuta: ukirudi mweupe, anaendelea kukwangua. Mahali alipopiga plasta mpya amekataa kupaka kabla ya wiki nne, maana sementi mbichi inaharibu rangi, hasa ya mafuta. Yule wa bure angekuwa ameshapaka, amekunywa soda na ameondoka.

Na masitiki mpya hakuipandisha ukutani moja kwa moja. Alifungua gunia mbele yangu, akakoroga kikombe kimoja, akapaka juu ya tofali na kuliacha mpaka kesho yake. Asubuhi akanipa nikwaruze kwa ukucha, kisha akaweka kitambaa chenye maji kwa dakika kumi na kusugua. Ilitoa weupe kidogo, ikabaki imeshika. Unga wetu ule, kwa jaribio hilo hilo, ulirudi kuwa uji. Tofali moja na usiku mmoja vingeniokolea dola 200 na ushee.

Neno moja kwa wanaokaa zile nyumba za Wabeleji, za tangu mji ukiitwa Costermansville. Rangi za zamani zile nyingi zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto zaidi. Fundi akianza kuzipiga msasa mkavu huku watoto wanapita koridori, msimamishe. Alowanishe kwanza, watoto wahame, na vumbi lizolewe kwa kitambaa chenye maji.

Ukiwa umeshanunua kwao na hujapaka, usirudishe magunia bila shahidi, maana duka litasema si yao. Piga picha ya mshono, tunza fakture hata kama imeandikwa ovyo, na nenda kwa chefu wa kartiye ukiwa na gunia lililofungwa. Langu moja ambalo halikufunguliwa liko ofisini kwake, na tangu juma lililopita kuna mama mwingine amekuja na lake. Uzi wa bluu.

Jana jioni mdogo wangu amemuona fundi yule yule pale panapoitwa Essence, ngazi begani, anapanda motari (pikipiki), na motari ya pili nyuma yake imebeba magunia manne. Kama ni kwenu alikuwa anakuja, mpokee mlangoni na umwambie magunia utayafungua mwenyewe.